Kuzuia na Kutoa Taarifa za Magonjwa ya Kuambukiza Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wakuu wa shule, walimu wa afya, walezi wa mabweni na wazazi huyauliza zaidi pale mtoto anapoanza kuumwa na haijulikani bado ni ugonjwa gani. Mengi kati yake, hata yanapoulizwa kwa maneno tofauti, yanarudi kwenye shaka moja: je, nisubiri hadi nipate uhakika ndipo niseme? Majibu yetu yameandikwa tukiwa na msimamo kwamba hapana, usisubiri, na sababu zake zimeelezwa kwa kirefu panapohusika.

Kwa nini shule huangaliwa kwa uangalifu zaidi kuliko mahali pengine watu wanapokusanyika?

Kwa sababu watoto hukaa karibu kwa saa nyingi, siku tano au zaidi kwa wiki, katika chumba kilekile na pamoja na watu walewale, kisha jioni kila mmoja hurudi kwenye familia yake. Wanaazimana kalamu, wanakunywa kwenye chombo kimoja, wanakumbatiana na kushindana mieleka, na baadhi yao hawajakamilisha chanjo. Mgonjwa mmoja wa surua, akiingia katikati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye mwenyewe kutoka chumbani.

Lakini shule ina faida ambayo hospitali haina. Mwalimu wa darasa huwaona watoto walewale kila asubuhi, anajua nani ni mchangamfu na nani leo amenyamaza, na ana daftari la mahudhurio mkononi. Daktari humwona mtoto mmojammoja. Mwalimu ndiye wa kwanza kutambua kwamba watoto sita wa dawati la nyuma hawajaonekana tangu juzi.

Magonjwa haya huenea kwa njia zipi, na kuna haja gani ya kuijua njia kabla ya kuchukua hatua?

Surua, tetekuwanga na kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mafua makali, kifaduro, dondakoo na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aina ya meningokoka huenea kwa matone yanayotoka mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza kwa karibu. Kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, polio na norovirusi (virusi vinavyoleta kutapika na kuhara) huingia mdomoni kutoka kwenye kinyesi, kupitia maji, chakula au mikono. Upele, mapunye, mpox (iliyokuwa ikiitwa homa ya nyani) na baadhi ya magonjwa ya macho hupitia mguso wa ngozi au vitu kama taulo na mashuka. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi viko katika damu na majimaji mengine ya mwili. Malaria na denge huletwa na mbu, hivyo mwanafunzi mwenye malaria hamwambukizi aliyeketi naye, na hakuna sababu ya kumtenga.

Haja ya kuijua njia ni kwamba hatua isiyolingana na njia ni kazi bure. Shule inayopiga dawa sakafu na madawati kwa bidii wakati wa surua, huku madirisha yamefungwa na wanafunzi wasiochanjwa wako darasani, imefanya kazi kubwa ambayo haikuuzuia ugonjwa hata kidogo. Vivyo hivyo, barakoa hazitakomesha kuhara kunakotokana na tangi la maji lililochafuka.

Ni magonjwa gani ambayo shule inatakiwa kuyatolea taarifa?

Kila nchi ina orodha yake kisheria, na shule inapaswa kuwa na nakala yake iliyobandikwa ofisini, si iliyofungiwa kabatini. Orodha hizo hutofautiana, ila kwa kawaida hujumuisha surua, kipindupindu, homa ya matumbo, dondakoo, kifaduro, polio au ulemavu wa ghafla wa viungo kwa mtoto, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu, homa ya ini, kichaa cha mbwa na homa zinazoambatana na kutokwa damu. Kwa upande wa mataifa, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 huzitaka nchi kulijulisha Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa. Magonjwa manne hutolewa taarifa daima, hata akiwa mgonjwa mmoja: ndui, ambayo ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, polio inayosababishwa na virusi vya asili, SARS (ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na aina ya virusi vya korona), na aina mpya ya virusi vya mafua kwa binadamu.

Mnyororo huo mrefu unaofika hadi Geneva, makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, huanzia chini kabisa, na mara nyingi pete yake ya kwanza ni mwalimu. Kwa hiyo orodha isichukuliwe kuwa mpaka. Watoto kadhaa wakipata dalili zinazofanana ambazo hakuna anayezielewa, hilo peke yake ni jambo la kutolewa taarifa, hata kama halina jina katika orodha yoyote.

Je, nisubiri majibu ya maabara kabla ya kutoa taarifa?

Hapana. Taarifa hutolewa kwa kushuku. Wataalamu wenyewe hutumia madaraja, kuanzia mgonjwa anayehisiwa hadi mgonjwa aliyethibitishwa, na daraja la kwanza limewekwa makusudi ili watu wasio na maabara waweze kusema mapema. Kazi ya kuthibitisha ni ya mamlaka ya afya. Kazi ya shule ni kusema kilichoonekana, kimeonekana kwa nani, na tangu lini.

Sababu ya haraka hii ni kwamba kinga nyingi zinazotolewa kwa waliokutana na mgonjwa zina muda wake, na muda huo ukipita haurudi. Chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na mgonjwa inaweza kumkinga au kupunguza ukali wa ugonjwa, na kwa wale wasioweza kuchanjwa, kama watoto wenye upungufu mkubwa wa kinga, kuna sindano ya kingamwili inayoweza kutolewa hadi siku 6. Chanjo ya homa ya ini aina ya A husaidia ikitolewa ndani ya wiki 2. Dawa ya kuwakinga waliokaa karibu sana na mgonjwa wa meningokoka inatakiwa itolewe ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya mgonjwa kutambuliwa. Sasa tuchukue shule ambayo mkuu wake aliona vipele vya mtoto siku ya Jumatatu, akaamua kuvuta subira hadi Ijumaa ili asije akaonekana mwenye papara. Mtoto mwenye surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baada yake, kwa hiyo Jumatatu ile tayari wenzake walikuwa wameshakutana na virusi. Kufikia Ijumaa, nafasi ya kuwachanja kwa ajili ya kuwakinga dhidi ya mgonjwa huyo imekwisha. Taarifa iliyokuja kugundulika kuwa si surua ingegharimu simu moja na ziara ya mhudumu wa afya; taarifa iliyochelewa imegharimu afya ya watoto ambao wazazi wao waliwakabidhi kwa shule wakiwa wazima.

Je, kutoa taarifa hakutaiharibia shule jina, au kumletea mkuu wa shule adhabu?

Hofu hii ni ya kweli, na hatuipuuzi, kwa sababu ndiyo inayochelewesha taarifa nyingi kuliko kutojua. Hata hivyo, ugonjwa kuingia shuleni si kosa la mtu. Linaloweza kuwa kosa, na katika sheria za nchi nyingi ni kosa, ni kuficha. Mamlaka za afya na za elimu nazo zina wajibu hapa: ofisa anayempokea mkuu wa shule kwa kumkaripia, au anayeuliza kwanza ni nani wa kulaumiwa, anawafundisha wakuu wengine wote wa eneo lile kunyamaza.

Ni wagonjwa wangapi wanaotosha kuitwa mlipuko?

Kwa magonjwa mengi, wagonjwa wawili au zaidi wenye dalili zinazofanana na waliounganishwa na mahali na wakati, kama darasa moja, bweni moja au mlo mmoja, ni mlipuko unaostahili kuchunguzwa. Kwa kipindupindu, surua, dondakoo, polio na homa ya uti wa mgongo, mmoja anatosha kuwasha taa nyekundu.

Kwa magonjwa ya kawaida kama mafua, kipimo bora ni kulinganisha na hali ya siku zote. Shule inayojua kwamba kwa kawaida hukosa wanafunzi wachache kila siku katika kila darasa itashtuka idadi hiyo ikipanda mara mbili au tatu. Shule isiyojua idadi yake ya kawaida haitashtuka hata darasa likiwa nusu tupu. Kwa sababu hiyo tunasisitiza daftari la mahudhurio lionyeshe sababu ya kutokuwepo, na si alama ya kutokuwepo tu. Neno moja kama «homa», «kuhara» au «vipele» mbele ya jina huligeuza daftari la kawaida kuwa chombo cha ulinzi wa afya, tena bila gharama.

Nani atoe taarifa, na aitoe kwa nani?

Shule iteue mtu mmoja anayejulikana na wote, mara nyingi mwalimu wa afya au muuguzi wa shule, pamoja na msaidizi wake kwa siku ambazo hayupo. Mwalimu yeyote anayeona dalili humwambia mtu huyo na mkuu wa shule siku hiyohiyo, na mkuu wa shule huwasiliana na mamlaka ya afya ya eneo au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa ugonjwa wa hatari, simu hutangulia na barua hufuata. Kungoja barua ipigwe muhuri ndipo itumwe ni kupoteza saa ambazo tumekwisha kuona thamani yake. Ofisi ya elimu nayo ijulishwe, ila kuijulisha ofisi ya elimu peke yake si kutoa taarifa ya ugonjwa. Na kama mkuu wa shule hapatikani, mtu aliyeteuliwa awe na idhini iliyoandikwa mapema ya kupiga simu mwenyewe.

Mzazi anayejua kwamba mtoto wake amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza anaombwa aijulishe shule bila kungoja aulizwe.

Taarifa inatakiwa iwe na mambo gani?

Jina la shule, mahali ilipo na namba ya simu ya anayetoa taarifa, idadi ya wanafunzi na watumishi wote, idadi ya walioumwa, umri wao, jinsia, darasa na bweni, dalili zao, tarehe mgonjwa wa kwanza alipoanza kuumwa, hali yao sasa, na kama kuna aliyelazwa au kufariki, hali ya chanjo kadiri inavyojulikana, na hatua ambazo shule imekwisha kuchukua. Usiache kutoa taarifa kwa sababu sehemu moja ya fomu haijajazwa.

Baada ya simu ya kwanza, anza kuandika orodha ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtu. Safu iliyo muhimu kuliko zote katika orodha hiyo ni tarehe, na ikiwezekana saa, ambayo dalili zilianza. Wengi huandika tarehe mtoto alipofika ofisini au alipopelekwa hospitali, na hapo uchunguzi hupotea njia. Tarehe za kuanza kuumwa zikipangwa, zenyewe huanza kusimulia. Watoto 30 wakianza kutapika kati ya saa 8 na saa 12 jioni ya siku moja, macho huelekea kwenye chakula au maji waliyotumia pamoja. Wagonjwa wakitokea wawili leo, wanne baada ya siku kadhaa, kisha tisa, inaonekana ugonjwa unapita kutoka kwa mtu hadi mtu. Pale chakula kinaposhukiwa, hifadhi mabaki yake mahali pa baridi kwa ajili ya wachunguzi, wala usiruhusu yaliwe au yamwagwe.

Vipi kuhusu siri ya mgonjwa?

Mamlaka ya afya hupewa majina kwa sababu inayahitaji kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa. Mtu mwingine yeyote hayahitaji. Wazazi wa darasa huelezwa kwamba kuna mgonjwa wa ugonjwa fulani, hawaelezwi ni mtoto wa nani; na orodha ya wagonjwa haitumwi kwenye makundi ya simu, hata ya walimu. Mtoto aliyetajwa jina wakati wa mlipuko hurudi shuleni akiwa amepona ugonjwa, lakini huweza kukuta hakuna anayetaka kuketi naye.

Mwanafunzi akiugua ghafla darasani, nini kifanyike kwanza?

Mtoe kwa upole, umpeleke kwenye chumba chenye hewa ya kutosha kilichotengwa kwa kazi hiyo, na akae na mtu mzima mmoja anayejulikana. Asiachwe peke yake, na asirudishwe nyumbani kwa miguu bila msindikizaji. Mpime joto, nyuzi 38 za selsiasi au zaidi ni homa. Akiwa anakohoa na anaweza kuvaa barakoa bila shida ya kupumua, avae. Mpigie mzazi. Usimpe aspirini, kwa kuwa kwa watoto wenye maambukizi ya virusi kama mafua na tetekuwanga dawa hiyo imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Anayehara au kutapika aanze kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini mara moja, bila kungoja kufika hospitali. Pakiti zake zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, wakati mwingine ndani ya saa chache, na maji hayo yameokoa maisha ya watu wengi kuliko dawa nyingi za bei ghali.

Kuna dalili ambazo hazingoji mzazi afike: kupumua kwa shida, degedege, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, shingo kukakamaa pamoja na homa, macho kuingia ndani na kushindwa kunywa, na madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia unapoyabana kwa upande wa bilauri ya kioo. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali papo hapo. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo huonekana vizuri zaidi kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope.

Mgonjwa akae nyumbani kwa muda gani?

Muda hutegemea ni lini anaacha kuambukiza, na huo si lazima uwe wakati anapojisikia vizuri. Wa surua hukaa siku 4 baada ya vipele kutokea. Wa tetekuwanga hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 5 hivi. Wa matubwitubwi siku 5 tangu mashavu yavimbe. Mwenye kifaduro hurudi baada ya siku 5 za dawa sahihi, na asipopata dawa hukaa takriban wiki 3 tangu kikohozi kianze. Mwenye homa ya ini aina ya A hukaa wiki 1 tangu macho yawe ya njano. Mafua makali yanahitaji angalau saa 24 bila homa, na homa hiyo iwe imeondoka bila kusaidiwa na dawa za kuishusha. Kuhara na kutapika kwa kawaida ni saa 48 tangu mara ya mwisho, lakini kwa kipindupindu na homa ya matumbo ni mamlaka ya afya inayotoa ruhusa. Mwenye mpox hungoja hadi magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote. Mwenye kifua kikuu cha mapafu kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki 2 hivi za matibabu yanayofanya kazi, ingawa tiba yenyewe huendelea kwa miezi mingi, na daktari ndiye anayeamua. Mwenye upele hurudi baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza.

Mamlaka ya eneo lako ikitoa muda tofauti na huu, fuata wa mamlaka. Shule nayo isimwadhibu mtoto kwa kukosa masomo siku hizi wala kutoa zawadi kwa asiyekosa hata siku moja, kwa maana zawadi ya namna hiyo humvuta mtoto mwenye homa kuja darasani.

Kuna hali ambazo mtoto hatakiwi kuzuiwa kuja shuleni?

Zipo. Chawa, minyoo, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B havimwondoi mtoto darasani. Virusi hivi viwili vya mwisho havipiti kwa kucheza, kushikana mikono, kula pamoja au kutumia choo kimoja, na kumfukuza mtoto kwa sababu hiyo ni dhuluma. Anayeumia na kutoka damu, awe nani, ahudumiwe kwa glavu.

Kitakasa mikono kinaweza kuchukua nafasi ya sabuni na maji?

Kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana, kitakasa chenye kileo cha asilimia 60 au zaidi kinafaa. Hakifai vizuri dhidi ya norovirusi, ambavyo ni kisababishi kikubwa cha milipuko ya kutapika shuleni, wala hakiondoi tope na mafuta. Sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 angalau, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, ndiyo msingi. Beseni moja la maji ambamo darasa zima linachovya mikono halinawishi mtu, linagawa vimelea.

Matapishi na kinyesi visafishwe vipi?

Waondoe wanafunzi kwanza. Anayesafisha avae glavu na, ikiwezekana, barakoa. Afunike uchafu kwa karatasi au kitambaa kinachonyonya, auondoe na kuuweka kwenye mfuko unaofungwa, kisha amwagie mahali hapo maji ya klorini ya asilimia 0.5 na kuyaacha kwa dakika 10. Ukiwa na klorini ya majimaji ya asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji hutoa kiwango hicho. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine za kusafishia, hasa zenye asidi au amonia, kwa kuwa hewa inayotoka ni sumu. Kazi hii isipewe wanafunzi, hata kama adhabu.

Kufungua madirisha kunasaidia kweli?

Kunasaidia sana kwa magonjwa ya hewa na matone, hasa yakifunguliwa ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Ni hatua ambayo shule nyingi huisahau kwa vile haionekani kama dawa.

Shule inaweza kuuliza kuhusu chanjo?

Inapaswa kuuliza wakati wa kuandikisha mwanafunzi, na kuhifadhi nakala ya kadi. Ili surua isienee katika jamii, takriban watu 95 kati ya kila 100 wanahitaji kuwa na kinga, na dozi 2 za chanjo hukinga kwa asilimia 97 hivi. Kama mtoto anaweza kuendelea na masomo bila chanjo, hilo huamuliwa na sheria ya nchi, lakini kwa vyovyote vile shule ijue ni nani hawajachanjwa. Siku ya mlipuko, orodha hiyo ndiyo ya kwanza itakayoombwa na wahudumu wa afya, na wengi hugundua siku hiyo kwamba hawana.

Bweni linahitaji tahadhari gani za ziada?

Vitanda vipangwe kwa nafasi kadiri inavyowezekana, na wanaolala jirani wageuze vichwa pande tofauti. Kiwepo chumba cha wagonjwa chenye choo chake. Taulo, mashuka na nyembe visishirikiwe. Na kikohozi kinachozidi wiki 2, hasa kikiambatana na kukonda au jasho la usiku, kipimwe kifua kikuu.

Mwalimu mjamzito afanye nini ugonjwa ukitokea shuleni?

Awasiliane na kliniki yake mapema akisikia kuna rubela, tetekuwanga, surua au ugonjwa wa mashavu mekundu unaoletwa na parvovirusi B19, kwani yote haya yanaweza kumdhuru yeye au mimba. Watu wenye kinga dhaifu wafanye vivyo hivyo. Shule isingoje waulize, iwajulishe.

Je, shule ifungwe?

Huu si uamuzi wa mkuu wa shule peke yake, na mara nyingi jibu ni hapana. Kuwatawanya wanafunzi wa bweni wakati wa kipindupindu au homa ya uti wa mgongo huweza kuupeleka ugonjwa kwenye vijiji na miji ambayo haikuwa nao, huku watoto wakiwa mbali na wale wanaowafuatilia. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja, na hasara ya masomo, lishe na usalama wa watoto ilionekana wazi. Kufunga hubaki kuwa hatua ya mamlaka, kwa muda uliotajwa na kwa sababu iliyoelezwa.

Wazazi waelezwe nini, na lini?

Waelezwe mapema, siku ileile ambayo mamlaka ya afya imekubaliana na shule kuhusu ujumbe. Wapewe jina la ugonjwa au, kama haujathibitishwa, dalili zilizoonekana, namna unavyoenea, dalili za kuangalia nyumbani na kwa siku ngapi, lini wampeleke mtoto hospitali, na nani wa kumpigia simu. Surua, kwa mfano, huchukua siku 10 hadi 14 kujitokeza baada ya mtu kuambukizwa, na huweza kufika 21, ilhali kipindupindu huweza kujitokeza baada ya saa chache tu, hadi siku 5. Mzazi asiyejua tofauti hii ataacha kuangalia mapema mno. Kukaa kimya hakuondoi maneno. Watu hujaza nafasi hiyo kwa uvumi.

Mlipuko huhesabiwa kuwa umekwisha lini?

Si siku ambayo mgonjwa wa mwisho amerudi darasani. Hungojwa muda wa kutosha ili yeyote aliyeambukizwa na mgonjwa huyo awe ameshaonyesha dalili, na mara nyingi muda huo huongezwa mara mbili kwa usalama. Kwa surua hufanya siku 42. Katika kipindi hicho mwalimu wa afya huendelea kulipitia daftari la mahudhurio kila asubuhi na kuipigia simu mamlaka ya afya, hata pale ambapo la kusema ni kwamba leo hakuna mgonjwa mpya.